Jiwe la Shabu la Kinyozi

Mwaka ule spiriti iliadimika madukani Korogwe, lakini kinyozi wa Masuguru alikuwa na jiwe lake la shabu la kukaushia mikwaruzo ya wembe. Sadala, mkulima wa Kerenge aliyenyolewa kwake kila siku ya gulio, alizijua desturi zake. Akishauweka wembe, mzee hulilowesha jiwe, akalipitisha shavuni taratibu kama anayempaka mtoto mafuta, kisha huuliza, "Inawasha?" Ukisema haiwashi, hulirudisha tena pale pale. Mteja akiondoka, yeye hubaki anakifuta kiti ambacho amekwisha kukifuta.

Siku moja Sadala alimkuta kidevu kinamvuja damu, kola imelowa.

"Shikamoo, mzee. Umejikata."

"Marahaba. Si unajua, kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata."

Sadala akalitwaa jiwe, akalichovya majini, akampaka. Mzee akafumba macho, mabega yakamshuka. Damu ikakatika.

"Inawasha?" Sadala akauliza.

Kinyozi hakuyafumbua macho. "Kidogo," akasema. "Hebu rudia pale pale."