Neno Nililomtafsiria Bibi Wankuru

Mwanangu, ipo siku moja ya Mugumu ambayo siisahau, na kila nikisikia kijana amechaguliwa kuongoza wenzake, yote hunirudia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kiongozi wa kujitolea wa kikundi cha vijana hapa Susuni. Usinione leo nimezeeka nikatulia. Nilikuwa mbiombio, mdomo mwingi, na nishani nilikuwa naitaka mpaka naiota.

Nishani yenyewe ilitolewa kila mwaka kwa kiongozi bora wa vikundi vya Tarime na Serengeti. Unaandika taarifa ya kazi za kikundi chako, inasomwa mjini Mugumu mbele ya watu, halafu anayeshinda anavishwa. Mwaka uliotangulia ilikwenda kwa kijana wa Nyansurura aliyepanda miti shuleni. Roho iliniuma, nisikudanganye.

Mwaka ule tulilima shamba la Bibi Wankuru, mjane jirani yetu. Tulilima kwa risaga, kama ilivyo desturi yetu Wakurya: watu wanakusanyika kwenye shamba la mmoja, siku nyingine wanahamia kwa mwingine, na kila aliyelimiwa anajua kwamba zamu ya kwenda kwa mwenzake inamngoja. Bibi alitupikia ugali wa mtama na maziwa mgando, akatuchekesha, akamkosoa kila mmoja wetu anavyoshika jembe. Tulirudi nyumbani tumeshiba.

Lakini nilipokaa kuandika taarifa, risaga niliiona ndogo. Nani anavishwa nishani kwa risaga, kitu ambacho hata wasiosoma wanakifanya? Nikaandika kwamba tumejitolea kumwokoa mwanamke asiyejiweza. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa watu wa ofisini, nikalipenda. Nikaongeza kwamba hana mtu, na wakati huo huo najua wanawe wako hapo tu ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na kila Krismasi wanakuja.

Waandaaji wakaniambia nije na yule tuliyemsaidia. Bibi alifurahi sana kupanda basi kwenda Mugumu. Alivaa kitenge kipya, akafunga kilemba, akijua anakwenda kama mwenzetu wa kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, kwa hiyo alikaa karibu nami nimtafsirie. Taarifa ilipoanza kusomwa akasikia jina lake, kisha lile neno. Akaniinamia na kuniuliza kwa Kikurya, "Asiyejiweza ni mtu gani?"

Hapo, mwanangu, ningeweza angalau kunyamaza. Nikamwambia, "Ni mama anayeheshimiwa na watu wote."

Akakaa wima. Na mgeni rasmi alipomwomba awasalimie watu, alisimama akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake: "Mimi naitwa Wankuru. Mimi asiyejiweza wa Susuni!"

Watu walimpigia makofi kwa huruma, mama mmoja akafuta machozi. Mimi nikavishwa nishani. Aibu niliisikia, nikaimeza, nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Nilidhani yameishia kule. Kumbe Bibi alikuwa amelibeba neno lake mpaka nyumbani. Wiki iliyofuata alikwenda zahanati kwa ajili ya goti, akamkuta nesi mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Akajitambulisha kwake kwa fahari: "Mimi ndiye asiyejiweza." Maskini nesi wa watu akamshika mkono, akamtanguliza mbele ya foleni, akamuuliza nani anamwogesha na nani anamlisha. Ikabidi mgonjwa mwingine amtafsirie, na safari hii alitafsiriwa sawasawa.

Kesho yake asubuhi alifika shambani kwangu na jembe begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mahindi yako yana magugu. Nionyeshe mstari wangu."

Nilimsihi apumzike kwanza, yeye akainama na kuanza. Alipalilia kama mtu anayefukuzwa. Alipomaliza mstari wake wa nne, mimi nilikuwa nahangaika na wa pili. Akaegemea jembe, akaniambia kwa Kikurya:

"Mlikuja kwangu, na mimi nimekuja kwako. Mume wangu alikufa, mikono yangu haikufa. Lakini kule Mugumu wananijua kama mtu wa kulishwa. Wewe ndiye uliyeniweka kule. Nenda ukanitoe."

Nililia mbele yake, nikamwomba msamaha. Akanisamehe, ila agizo lake lilibaki pale pale. Kumtoa kule maana yake ni kusema taarifa yangu ilikuwa ya uongo, tena nikiwa nimeivalia nishani. Nilifikiria kuandika barua, yaishe kimyakimya. Lakini barua ingesomwa na mtu mmoja, na Bibi alikuwa amedhalilishwa mbele ya ukumbi mzima.

Kikao kilichofuata cha vikundi kule Mugumu, tulipanda basi tena wawili. Nikasimama, nikasema nilichofanya. Nikaeleza risaga ni nini, nikasema Bibi ameshakuja kwangu kulima zamu yake, mistari mitatu. Na kila sentensi niliyoisema nilimtafsiria hapo hapo, wote wakisikia. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa, mara akanyanyua mkono. "Minne," akasema kwa Kiswahili. "Si mitatu." Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Nishani waliichukua. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lakini wenzangu hawakunifukuza, na Bibi alijiunga nasi, mzee peke yake katika kikundi cha vijana, akatugombeza mpaka tukajua kulima mistari iliyonyooka. Miaka miwili baadaye nishani ilirudi Susuni. Majina yetu sote yalikuwa kwenye taarifa, la Bibi likiwa la kwanza, maana alikataa katakata liwe la pili.

Basi tuzo itamani, mwanangu, sikukatazi. Kijana anayejitolea anastahili kupongezwa, na anayekwambia hapendi sifa mwangalie vizuri. Ninachokuomba ni kimoja. Ukimaliza kuandika taarifa yako, kabla hujaipeleka popote, nenda ukamsomee yule uliyemwandika. Msomee kwa lugha anayoiota, neno kwa neno, na umtazame usoni unapomsomea. Ukifika mahali ambapo ulimi wako unataka kuruka neno, hapo ndipo pa kufuta.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na ya wale unaofanya nao. Akujalie kuitwa mbele za watu mara nyingi, na kila utakayemtaja siku hiyo awe amekaa mbele kabisa, anasikia yote, anaelewa yote, na wewe huna haja ya kuinamisha kichwa.