Muuza Njugu Aliyepima Sinema kwa Taya

Habari za kifo cha muuza njugu wa Ruring'u nilizipata Jumanne asubuhi kutoka kwa jirani yake wa biashara, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye nilimkuta ameketi kando ya kibanda kilichofungwa, bidhaa zake mwenyewe bado zimo guniani. "Mtu wa gazeti, rafiki yako ametuacha," aliniambia. "Ameanguka akikaanga njugu. Hata jiko bado iko na moto." Sikumsahihisha kuhusu huo urafiki. Ukweli ni kwamba marehemu hakuwa rafiki yangu. Nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi, na mteja huwa hajui hata mlango wa nyumbani kwa mtu umepakwa rangi gani. Lakini msomaji wa safu hii amekutana na maoni yake mara nyingi bila kujua, kwa maana kila nilipoishiwa na la kuandika nilipita pale kununua njugu, na sikuwahi kuondoka na njugu peke yake. Yeye naye alijilipa kwa kuzifungia njugu zake katika gazeti hili hili. "Safu yako naipenda sana," aliniambia siku moja huku akikunja ukurasa wangu uwe pembe. "Haivujangi mafuta."

Biashara aliianzia mlangoni pa jumba la video lililokuwa nyuma ya soko, enzi zile watu walipojazana kwenye mabenchi kutazama filamu za ngumi kutoka nchi za mbali, zimetafsiriwa na sauti ya kijana wa Nairobi aliyetia maneno ya mtaani ambayo mwigizaji mwenyewe hakuyaota. Muuza njugu alisimama nyuma na kikapu chake, jicho moja kwenye skrini na la pili kwa watazamaji, na hapo ndipo alipokipata kipimo chake. Filamu nzuri, alishikilia, si ile yenye waigizaji wa majina makubwa wala milipuko mingi. Ni ile inayosimamisha taya. "Watu wakitafuna mpaka mwisho, hiyo sinema ni bure," alisema. "Lakini kuna pahali mtu anaweka njugu kwa mdomo halafu anasahau kutafuna. Hapo kuna kitu." Nilimwambia kipimo hicho kinamla mwenyewe, maana sinema ikiwa nzuri mauzo yanakuwa mabaya. "Ndio ujue sikudanganyi," akajibu. Vitafunio navyo alikuwa amevipanga kwa hadhi. Njugu ni za mtu mwenye fikira. Yai la kuchemsha ni la safari na la filamu ndefu. Bisi aliziuza bila kuziheshimu, akisema ni chakula cha mtu anayetaka asikike akila, na kripsi aliziita upepo uliotiwa chumvi. Nilipinga hili la kripsi kwa miaka na sikufika popote.

Kuhusu watu mashuhuri, hawa ambao vijana wetu huwaita maseleb, alikuwa na neno moja tu: kwamba wanatazamwa kupita kiasi na kulishwa kidogo. Nilidhani ni mzaha mpaka siku mwigizaji mmoja wa kike wa televisheni alipoletwa Ruring'u kufungua duka la simu. Umati ulimfuata na simu zimeinuliwa juu, na binti wa watu alipofika kwenye kibanda akaomba yai, walimzingira kupiga picha yai likiwa bado mdomoni. Muuza njugu aliacha jiko. Alichukua kreti tupu, akaipindua nyuma ya kibanda ikielekea ukuta, akamkalisha hapo na yai lake na kachumbari, kisha akasimama katika mwanya kati ya kibanda na ukuta na kutandaza mikono. "Wacheni akule! Ati hata ng'ombe ikikula si mnaipatianga nafasi?" Tukamngoja nyota wetu amalize, sisi tukitazama mgongo wake. Wakati wa kuagana kila mtu alimwomba picha isipokuwa muuza njugu. Kwa majuma kadhaa watu walipita kumuuliza yule mwigizaji yukoje akiwa karibu. "Alikuwa na njaa," aliwajibu. "Na chumvi aliongeza mwenyewe."

Siasa aliipima kwa kipimo kile kile, na huko ndiko kilikomtia hasara. Msimu mmoja wa kampeni kulikuwa na mkutano uwanjani, hatua chache kutoka kibandani pake, na alikuwa amekaanga njugu za kutosha. Mzungumzaji wa kwanza alieleza mambo ya maziwa na barabara za Mukurweini, kwa utaratibu na kwa undani, na umati ukamtafuna pamoja na njugu zake. Aliyefuata alikuwa fundi. Alishusha sauti, akauliza ni kwa nini wenyeji wanakosa nafasi sokoni huku wageni waliokuja juzi wakijipangia vibanda. Uwanja mzima ukanyamaza. Mama wa omena, ambaye alikuja hapa kutoka magharibi akifuata kazi ya mumewe askari na ambaye watoto wake hawajui kwao kwingine, alikuwa amesimama karibu nasi na karai lake, na watu kadhaa waligeuka kumtazama. Muuza njugu alizitazama zile taya zilizosimama. Kisha akafunika kikapu, mauzo yakiwa ndiyo kwanza yanachanganya, akamchukulia yule mama karai. "Twende nikupeleke nyumbani, mama," alisema. "Hapa pameharibika." Walipita katikati ya watu, mwanamume mfupi na karai la omena kichwani, na hakuna aliyewazuia.

Siku iliyofuata nilimkumbusha kwamba, kwa kipimo chake, ile ilikuwa hotuba bora ya mwaka. Hakucheka. "Taya ikisimama usikimbilie kupiga makofi," alisema. "Angalia kwanza ni nini imesimamisha. Hata nyoka ikipita, watu wanaacha kutafuna." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi katika vikao vya wanahabari, ambako siku hizi kazi yetu ni kuhesabu ni wangapi walisimama kutazama na kamwe si kilichowasimamisha. Debe tupu haliachi kuvuma, na zama hizi lina wafuasi mtandaoni. Yeye aliyaona haya yakija. Jumba la video lilipofungwa na kugeuzwa bohari ya viazi, watu wakaanza kutazama filamu kila mtu na simu yake, alilalamika kwamba taya zimetawanyika na hakuna tena wa kuzisoma. Hata hivyo alinunua simu yenye kioo kipana, akawa anatazama nyuma ya kibanda wateja wakipungua. Nilidhani ni kujifurahisha tu.

Sasa niseme ya mazishi, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike. Miaka michache iliyopita alirudi kutoka kumzika jamaa yake, ambako wanasiasa walishika kipaza sauti mpaka chai ya waombolezaji ikapoa, akamwambia mkewe na sisi wateja kwamba akifa hataki kaburi lake ligeuzwe jukwaa. Mjane alilikumbuka hilo katika mkutano wa kwanza wa kamati ya mazishi, ambako mimi niliitwa kwa ajili ya kuandika wasifu. Lakini alikuwa amechelewa. Msomaji wa maeneo haya ya mlimani anaijua kanuni, ingawa haijaandikwa popote: anayetoa hema ndiye anayepewa kipaza sauti, na kamati ilikwisha kupokea hema na viti kutoka kwa mheshimiwa mmoja kabla ya kumuuliza mwenye msiba. "Mama, utakalia kiti ya mtu halafu umnyime maiki?" mwenyekiti alimuuliza kwa upole. "Hiyo si heshima." Mjane aliitazama mikono yake. Nilimwonea huruma, kwa maana jambo la mwisho alilokuwa na uwezo wa kumfanyia mumewe lilikuwa limetolewa mikononi mwake na watu wema. "Basi aongee," alisema hatimaye. "Lakini njugu zake zilibaki. Nitakaanga, watu wapewe kabla ya hotuba." Akina mama wa kanisa walishtuka. Chai na chakula hutolewa baada ya kaburi kufunikwa. Mtu atafunaje na jeneza liko mbele yake? "Ngai! Watu watatucheka," mmoja alisema. "Wacha wacheke," mjane akajibu. "Alikuwa anauza njugu, hakuwa anauza hema."

Tulimzika Endarasha, kwenye shamba la baba yake, siku ya ukungu na upepo ule wa Kieni unaopenya hata koti. Pembe za njugu zilipitishwa safu hadi safu, zimefungwa katika gazeti, na watu wakazipokea kwa aibu kisha, kwa ajili ya baridi na ya harufu, wakaanza kula. Mheshimiwa alifika akiwa ameandamana na yule yule mwigizaji wa yai, ambaye siku hizi huitwa kupamba mikutano. Mwigizaji alipopewa pembe yake ndiye pekee katika meza kuu ambaye hakushangaa, aliishika kwa mikono miwili, na alipoombwa asalimie watu alisema tu, "Poleni sana. Huyu mzee alinilisha," akaketi. Mheshimiwa akashika kipaza sauti. Alimsifu marehemu kama mjasiriamali, akavuka kwa wepesi hadi kwenye barabara, akateremka kwenye uchaguzi ujao, akashusha sauti mahali pa kushusha sauti. Chini ya hema lake watu walitafuna. Hawakuzomea wala kunong'ona. Ilisikika tu ile sauti ndogo ya njugu nyingi, iliyoendelea sawasawa kama mvua kwenye majani ya migomba. Naamini hakuelewa kilichokuwa kikimpata, lakini alielewa kwamba kinampata. Alifupisha akaketi.

Neno la shukrani hutolewa na msemaji wa familia, mara nyingi mjomba mwenye sauti nzito. Mjane aliinuka mwenyewe. "Mimi sina maneno mingi," alianza. "Mtu yangu alikuwa anakuja jioni, mimi nikipika, ananihadithia sinema. Mimi sijawahi ingia kwa video hata siku moja. Sinema zote nimeziona kwa mdomo yake. Jumatatu alinianzishia ile ya mtu anatafuta ndugu yake kwa mgodi. Akasikia usingizi. Akaniambia atamaliza kesho." Hapo akawatazama watu kama anayeuliza njia. "Kuna mtu hapa ameiona? Aniambie kama huyo ndugu alipatikana." Sikusikia njugu hata moja ikivunjika. Mheshimiwa alikuwa amefungua kinywa na hakukifunga. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umesimama karibu na mdomo, na nilijua, bila kuhitaji kuambiwa, ni nini kilichousimamisha.

Filamu yenyewe niliitafuta nikaipata, nikaitazama hadi mwisho kwenye simu, jambo ambalo sikulifanya kwa filamu yoyote mwaka huu. Wiki iliyopita nikapita Ruring'u. Kibanda kimefunguliwa, mjane ndiye anayekaanga. Alinieleza kwamba wengi wamekwisha kumletea mwisho wa ile hadithi: mama wa omena alimwambia ndugu alirudi na zawadi, mhudumu wa bodaboda akasema alirudi na mke, na mzee wa kanisa akasema alirudi ameokoka. Hakuna aliyekuwa ameitazama. Mimi nilikuwa nimeitazama, na kazi yangu, angalau kwenye karatasi, ni kusema kilichotokea. "Hakupatikana, mama," nilisema. "Mgodi ulianguka." Aliendelea kugeuza njugu kwa mwiko. "Sasa wewe ndio uliona kweli," alisema. "Lakini mzee wangu angemrudisha. Yeye kila mtu alikuwa anamrudisha nyumbani." Nikamuuliza kama aliwahi kujua kwamba mumewe alikuwa akizibadilisha zile sinema. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mgeni. "Haiwezekani watu wote wa sinema wawe wanarudinga nyumbani, mtu wa gazeti. Mimi si mjinga. Nilikuwa nangoja tu nisikie atamrudisha namna gani."

Nilinunua njugu, akanifungia katika ukurasa nisiopenda kuutaja. Njiani nilifikiri juu ya sisi tunaoishi kwa kusemea watu, wanasiasa, waigizaji na waandishi wa safu, ambao tunashinda kutafuta la kuwasimamisha taya watu tusiowajua. Yeye alikijua kipimo kuliko sisi sote, ila hakukitumia kutafuta umati. Alikitumia kwa mtu mmoja jikoni, jioni baada ya jioni. Sote tutakatizwa katikati ya hadithi, hilo halina ujanja. Somo nililolipata kwenye kibanda kile ni kwamba heri yake atakayekatizwa na kumwacha nyuma mtu mmoja tu anayetaka kweli kujua angeimalizaje. Nami nakiri kwamba, tangu siku hiyo, namkosa mtu ambaye nilidhani nilikuwa mteja wake tu.