Picha Niliyoipiga Kutoka Barabarani

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikikuona unavyokata picha kwenye simu yako naikumbuka upya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina kamera ya filamu niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na tayari najiona fundi.

Mama yangu alizaliwa Homa Bay, kando ya ziwa, akaolewa huku kwetu Kehancha. Miguu ilipoanza kumsumbua, safari zikamshinda. Akaniambia, "Boke, nenda unipigie picha ya kwetu. Nataka kuona dala kabla macho nayo hayajachoka." Dala ni nyumbani kwa Kijaluo, na mama hata akiongea Kikuria neno hilo hakuliacha.

Nilienda. Gari lilinishusha barabarani, juu ya mteremko, na kutoka pale niliona ziwa lote, vilima, na mawingu makubwa meupe. Nikapiga. Nyumba ya babu ilikuwa kule chini, mwendo wa kama nusu saa, lakini jua lilikuwa kali na sikutaka kukosa gari la kurudi. Sikushuka. Nakwambia hili nikiona haya.

Nilipompelekea mama picha, aliishika karibu na dirisha, akaisogeza mbali, akaivuta tena. "Ni nzuri," akasema. Kisha, taratibu, "Lakini nyathina, mtoto wangu, dala iko wapi?"

Nilimwonyesha kidoa fulani chini ya mawingu. Akaitikia kwa kichwa, vile mtu huitikia ili asikuumize, akairudisha kwenye bahasha.

Nikaenda mjini Suna nikiwa nimenyong'onyea, kwenye studio ya Mzee Rajabu, mtu wa Pwani aliyehamia huku zamani. Ndiye aliyenisafishia ile filamu. Nilipomweleza, hakunicheka. Alichukua vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa umbo la herufi L, akaviweka juu ya picha kama fremu, akawa anavisogeza polepole. Mawingu yakapungua. Nguzo ya umeme ikatoka. Njia ya miguu ikaonekana ikiteremka hadi nyumbani, na nyumba yenyewe ikakaa upande mmoja, ziwa likiwa nyuma yake. Sikuamini kuwa ni picha ileile.

"Basi tukate zaidi," nikasema kwa pupa. "Ibaki nyumba peke yake."

"Ukitoa ziwa, binti yangu, hii ni nyumba ya mtu yeyote. Hata hapa Suna zipo."

"Na huyu je? Anaharibu ukingo." Upande wa kushoto kulikuwa na mwanamke, mdogo kama punje, ameinama akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

Mzee akaniangalia. "Ni nani?"

"Simjui. Sikufika huko chini."

"Ulifika kwa wajomba zako ukaishia barabarani?"

Nikainamia ile picha.

"Basi huyu tusimkate," akasema. "Mama yako ndiye atakayejua kama anafaa kutolewa."

Akaikuza sehemu ile. Ilitoka na chengachenga kidogo. Mama alipoiona hakusema ni nzuri. Aliweka kidole juu ya yule mwanamke. "Adhiambo! Huyu ni dada yangu Adhiambo. Ona anavyofunga leso." Akacheka huku machozi yakimtoka. Halafu akanigeukia. "Alikwambia nini?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata nilirudi Homa Bay nikashuka ule mteremko. Mama Adhiambo, maana dada wa mama naye ni mama, alinishika mashavu, akanilisha, akaniuliza habari za kila mtu, na kesho yake tukapanda gari pamoja mpaka Kehancha. Niliwaacha wale wawili wakiongea Kijaluo chao upesi upesi, hakuna anayemsubiri mwenzake amalize, nikaenda kuchemsha chai.

Basi, kabla hujaondoka, shika haya. Ukisimama mbele ya mahali pazuri, jiulize kwanza picha hii unampigia nani, na yeye anataka kuona nini. Anga isiyo na kazi ipunguze, nguzo zitoe, njia iache imwongoze anayetazama. Ila usibane mpaka mahali pakose jina. Na ile picha nzima iweke, usiifute, maana unachokiona takataka leo pengine kuna mtu anakitafuta. Zaidi ya yote, shuka. Wasogelee watu, uwasalimu. Ile nusu saa niliyoikwepa kwa uvivu, kadibodi za Mzee Rajabu hazikuweza kuitembea badala yangu.

Mungu akupe jicho la kuona na moyo usiokuwa na haraka. Kila utakapofika, wenyeji wakukaribishe ndani, na wale unaowapigia picha uwakute wazima, wazitazame wakicheka. Nenda salama, mwanangu.