Swali Alilolitunga Mwenyewe

Swali lile Mpole alilitunga mwenyewe. Jana, yeye na wanafunzi wenzake wakipanga utafiti wao wa usingizi na ndoto, alishikilia kwamba mtu akiulizwa habari za usingizi wake hudanganya, kwa hiyo aulizwe anayelala naye chumba kimoja. Wakamsifu, kichwa kikavimba. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Leo waliyajaribu maswali kwa kuhojiana wao kwa wao, na zamu ikamfikia.

“Unaota ndoto mbaya?” aliuliza kiongozi wa kikundi, mtu asiye na mzaha.

“Mimi? Nikilala nimelala.”

Kiongozi akamgeukia mwenzake Mpole wa chumba kimoja bwenini, binti waliyembandika jina la Bibi kwa kupenda kulala mapema. “Umewahi kumsikia akipiga kelele usingizini?”

Mpole akainamia karatasi yake. Bibi aliitazama meza, akajikuna shingo kwa kalamu, wala hakuwa na haraka.

“Mimi nikilala ni gogo,” akasema mwishowe. “Sijasikia kitu.”

Kiongozi akaandika, akaendelea.

Na alfajiri ya siku hiyo hiyo, kabla ya mahojiano, Bibi ndiye aliyemfuta Mpole jasho akamwuliza taratibu: “Huyo mdogo wako unayemlilia kila usiku atoke majini, alitoka?”