Leo nimeifungisha timu yetu nikiwa jukwaani

Jamani, leo mdomo wangu umetuponza.

Mnajua mdogo wangu Heri anachezea timu ya basketi ya chuo chake hapa Joburg. Kocha wao anapenda warefu tu. Kasajili minara mitupu, na zaidi ya Heri hakuna anayejua kuongoza mpira. Kushambulia kwao ni kumrushia Heri mpira, halafu wote wanasimama kama magari kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikiwaka nyekundu.

Eish!

Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja tu. Heri kabanwa. Namwona mwenzake kushoto, yuko peke yake kabisa. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, ili wapinzani wasielewe:

"Heri! Mpe wa kushoto!"

Heri akampa. Mpira haujafika, kijana mfupi wa wapinzani akaruka, akaunyakua, akaenda kufunga.

Akirudi, akapita mbele yangu anacheka:

"Aksanti, yaya."

Kumbe mtoto wa Bukavu kabisa, kule Kongo wanakomwita ndugu mkubwa "yaya"!

Mechi ilipoisha nikamuuliza Heri yule ni nani.

"Alikuja kwenye majaribio yetu. Kocha akamkataa, eti mfupi."

Jumamosi wanacheza tena. Sasa niambieni, nishangilie kwa lugha gani?