Gego na Chuma cha Ghalani

Jina la Gego hakupewa na wazazi wake. Alilipata siku alipoteleza kwenye chuma cha kushikia cha ngazi za ghala la zamani, akaangukia taya, kisha akainuka na kutema jino la nyuma kiganjani. Alilitazama kidogo, akalitia katika mfuko wa shati, akapanda ngazi na kuuanza upya mruko ule ule, huku damu ikimchuruzika mpaka kiunoni. Tangu siku hiyo hata wanaomletea viatu vya kushonwa humwita hivyo, na mke wa kinyozi wa jirani hudhani ni jina la ukoo.

Mchezo wenyewe yafaa uelezwe kwa wasioujua. Si ule wa kuzunguka uwanjani kwa viatu vya magurudumu huku watu wameshikana mikono. Viatu vyao ni vizito, na chini ya unyayo, katikati ya magurudumu, vina plastiki ngumu. Mchezaji hukimbia, huruka, hutua kwa plastiki hiyo juu ya chuma, akateleza hadi chini. Wenyewe huuita kukwangua. Chuma kisipotaka kuteleza, hupakwa nta ya mshumaa.

Watu wa ghalani walikuwa na kanuni mbili ambazo hakuna aliyepata kuziandika. Ya kwanza, anayepaka nta hupita yeye kwanza, ili ikiwa imezidi, aumie yeye. Ya pili, aliyeumizwa na chuma hana wa kumlaumu. Lakini anayemwaga damu ya mwenzake kwa mkono wake hakanyagi tena ngazi hizo.

Kwa Gego kanuni hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko kwa wengine. Siku za kazi, akiwa ameinama bandani mwake akishona viatu, aliwaona binadamu kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Jumapili, akiwa juu ya chuma, wao ndio waliomwinulia macho. Hakuwa na mahali pengine pa namna hiyo. Hata dada yake mdogo, aliyekuwa msusi, Gego ndiye aliyemleta pale akamfundisha kuruka.

Jumapili moja asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, alimfungia dada yake plastiki mpya. Zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha, na kila mara zilinasa kwenye chuma. Mpakia mizigo mmoja mnene, aitwaye Tofali, alikuwa akimcheka kwa hilo.

"Kaka, hivyo viatu au breki?" Tofali alimuuliza Gego walipofika. "Leo nakupakia nta mpaka uteleze kama mwenye haraka ya choo."

Akapaka kwelikweli, mshumaa mzima. Kisha, kabla hajapita, akaketi kando ili akaze kamba za kiatu.

Msusi alikuwa juu. Aliona chuma kinang'aa, akamwona Tofali amekaa chini, akadhani amekwishapita. Akaruka. Plastiki mpya juu ya nta nyingi kiasi kile hazikukawia. Miguu ilimtangulia, kidevu kikagonga chuma. Mlio wake ulikuwa kama wa ubao unaopasuliwa. Alibingirika hadi ngazi ya mwisho, mdomo ukiwa umepinda upande mmoja.

Gego alikuwa hajamaliza kuvaa. Kiatu kimoja kilikuwa mkononi. Aliiona nta, akamtazama aliyeipaka.

"Hukupita," alisema.

"Gego, subiri nikwambie—"

Hakusubiri. Alimpiga kiatu usoni, magurudumu yakiwa mbele. Nyusi ilipasuka. Tofali akainua mikono. Pigo la pili likamvunja kidole, la tatu likaingia jichoni. Alipoanguka, Gego alimkalia kifuani akaendelea kupiga, kwa mpigo ule ule wa mtu anayegongomea kisigino, mpaka fundi bomba, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alipomkaba shingo kwa nyuma na kumvuta.

Hospitalini msusi alimshika kaka yake ukosi. Alisema kwa shida, akitema damu katika beseni.

"Mimi ndiye niliyeruka kabla ya zamu. Yeye alikuwa akikaza kamba."

Gego alitazama vidole vyake, ambavyo damu ilikuwa imevikaukia.

Jumapili iliyofuata watu wa ghalani walikutana ngazini, bila viatu vya mchezo. Tofali alikuja na bandeji iliyofunika jicho, ambalo daktari alikuwa bado hajaahidi lolote juu yake.

"Nilimwona dada yangu amevunjika," Gego alisema. "Wewe ungefanyaje?"

"Huenda ningefanya hivyo hivyo," fundi bomba alijibu, "nanyi mngenifukuza. Dada yako kaumizwa na chuma, mdogo wangu. Huyu umemuumiza wewe."

Akamgeukia Tofali. "Una la kusema?"

"Ninalo. Nta ile nilimpakia Gego, si dada yake." Tofali aliigusa bandeji. "Na mjue, anapiga vizuri. Kama ningekuwa kiatu, ningedumu miaka."

Wachache walicheka, kisha wakakumbuka walichojia. Hakuna aliyemtetea. Gego alimpa Tofali mkono. Tofali aliutazama kwa jicho lake moja, halafu akaushika kwa mkono wenye vidole vizima na kuuachia upesi. Gego akashuka ngazi kwa miguu.

Nyumbani dada yake alikuwa ameketi jikoni, taya limefungwa kwa nyaya. Alikuwa akisema bila kufungua meno.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Mimi nikipona nitarudi, kaka. Sitakudanganya."

"Rudi. Ila uulize kwanza nani kapaka."

"Na viatu vyako?"

"Viko chini ya kitanda. Kula kwanza."

Viazi vilikuwa vimeiva. Gego aliviponda ndani ya maji yake, akaimimina supu katika kichujio juu ya kikombe, akaikamua kwa mgongo wa kijiko mpaka pasibaki donge. Aliijaribu kwa ncha ya ulimi kama si ya moto. Akatia mrija ndani ya kikombe, akakisogeza karibu na mkono wa dada yake, kisha akakiosha kichujio na kukitundika msumarini.