Kayaki Nyekundu ya Mkaguzi wa Mizani

Idarani walimwita Gramu, ingawa si mbele yake. Jina hilo alilipata mwaka alipofunga duka la nafaka kwa sababu mizani yake ilipishana gramu kumi na tano. Alitia lakiri mlangoni, akasimama nje apigwe picha, huku mwenye duka, mjane mwenye sauti ndogo, akimweleza kwamba mizani iliangushwa na paka. Gramu alimjibu kuwa sheria haifugi paka. Aliipenda sana kauli yake hiyo. Aliirudia vikaoni, akairudia harusini, na mara moja akairudia msibani, wafiwa wakimtazama tu.

Mwili wake haukuwa wa gramu. Alikuwa mtu mpana, mwenye tumbo lililotangulia kuingia ofisini na yeye akifuata. Lakini moyoni aliamini kwamba bado ni yule kijana mwembamba aliyeajiriwa miaka ishirini na sita iliyopita, na ushahidi wake ulikuwa suruali. Suruali zake zilimkaa vile vile kama zamani. Hakujua, maana hakuwahi kuuliza, kwamba mkewe, fundi wa kushona makochi, alikuwa akizipanua kiunoni kila baada ya miaka michache, kimyakimya, kama mtu anavyotia mafuta bawaba za mlango ili usipige kelele.

Mambo yalianza na picha ya samaki. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa basi la shule, aliituma kwa ndugu wote kwenye simu. Ameketi juu ya kayaki ya kuazima, kile kimtumbwi cha plastiki, katikati ya bwawa la mji, kofia upande, meno yote nje, mkononi kashika samaki mnene. Ndugu wakammwagia hongera. Gramu akatoa rula, akaipima picha, akalinganisha samaki na kiganja cha shemeji, akapiga hesabu pembeni ya gazeti. Kisha akatangaza kwamba samaki yule hazidi sentimita thelathini na moja.

"Lakini ni samaki," mkewe akasema, pini zikiwa mdomoni.

Gramu akapima tena. Kesho yake akatangaza kwamba na yeye atanunua kayaki, tena yake mwenyewe, si ya kuazima.

Kwa wiki tatu hapakufanyika ukaguzi wa maana mjini. Mizani za wauza nyama ziliinamia upande ziliotaka. Gramu alijifungia ofisini akasoma kila kilichowahi kuandikwa kuhusu kayaki, akachapa kurasa tisini kwa karatasi za idara, akazitoboa na kuzitia kwenye faili. Alijifunza kwamba ziko kayaki za kuingiza miguu ndani, kama mtu anavaa soksi, na ziko za kukalia juu, zenye matundu sakafuni ya kutolea maji, ambazo mvuvi akianguka hupanda tena bila shida. Alijifunza kwamba kayaki pana hutulia majini na nyembamba hukimbia. Na kwamba mtu anayetaka kustarehe na kuvua samaki wake wawili watatu kwenye maji ya bwawa anashauriwa achukue pana. Yote hayo aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akaamua kwamba hayamhusu.

"Zile pana ni za watu wanaoanza," alimwambia mkewe.

"Wewe umeanza lini?"

"Nimesoma wiki tatu, mama."

Duka la vyombo vya majini lilikuwa banda la mabati ukingoni mwa bwawa. Aliyelimiliki alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuvua mwenyewe kwa miaka mingi, na vidole vyake bado vilikuwa na alama za mshipi. Aliwakaribisha Gramu na mkewe, akawaonyesha kayaki tatu za kukalia juu, zilizolazwa kwenye viunzi vya mbao, akaanza na maswali.

"Utaitumia kwa kazi gani, mzee?"

"Kuvua. Na mazoezi kidogo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Una kilo ngapi?"

Gramu akatazama mabati ya juu. "Themanini na tano."

Mama muuzaji akamtazama kuanzia kola hadi viatu, polepole, kama anasoma tangazo refu. "Themanini na tano," akarudia. "Hebu panda mizani ile pale tuhakikishe. Kila kayaki ina kikomo chake, na ndani ya kikomo hicho kuna wewe, mizigo yako na maji yako ya kunywa. Tena mimi huwa nahesabu theluthi mbili tu ya kile kilichoandikwa. Ukiijaza mpaka mwisho, haikupindui leo, inakupindua kesho."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua ndoana wakageuka kutazama. Hapo ndipo Gramu alipofanya jambo lililomkera mkewe kwa muda mrefu. Aliiendea mizani, lakini hakuipanda. Aliinama kwa tabu, akasoma stika ya ukaguzi iliyobandikwa kwenye nguzo yake, kisha akatoa kitambulisho cha kazi.

"Stika hii imekwisha muda miezi miwili iliyopita," akasema kwa ile sauti yake ya madukani. "Mizani hii hairuhusiwi kumpima mtu yeyote."

"Mzee, nyie ndio mliotakiwa kuja kuikagua. Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu."

"Hairuhusiwi."

Akatoa mkobani karatasi ya zuio, akailamba gundi, akaibandika katikati ya uso wa mizani. Wale wateja wawili wakarudi haraka kwenye ndoana zao.

Wakati huo mkewe alikuwa amekwisha kukalia kayaki ya kijani, fupi na pana kuliko zote. Aliikalia kama alivyokalia kila kochi kabla ya kumkabidhi mteja. Akajisogeza mbele, akarudi nyuma, akaegemea kushoto, kisha kulia, akanyoosha miguu, akageuka kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka nyuma yake.

"Chukua hii," akasema. "Upana wake sentimita themanini na sita. Mtu anaweza hata kusinzia humu."

"Hilo ni sinia," Gramu akasema. "Mimi sijaja kununua sinia."

Akachukua nyekundu. Ilikuwa na urefu wa mita nne na ushee, upana wa sentimita sitini na mbili, pua imechongoka, na ubavuni mmeandikwa kwamba mzigo usizidi kilo mia na ishirini. Mama muuzaji, ambaye mizani yake ilikuwa imefunikwa uso kwa amri ya serikali, alimwandikia risiti tu.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi. Gramu aliwaalika wafanyakazi wote wa idara waje kwa hiari yao, na karatasi ya mahudhurio ikapitishwa wasaini. Shemeji naye alikuja kusaidia kubeba. Alipoona kilichopangwa juu ya kayaki, yaani sanduku la barafu, fimbo mbili za kuvulia, ndoo ya chambo, chupa kubwa ya chai, mto wa kuegemea na mizani ndogo ya samaki, akakuna kichwa.

"Shemeji, punguza mizigo kidogo. Na hii ni nyembamba, inataka mtu aizoee kwanza."

"Wewe endesha basi," Gramu akamjibu.

Akatoa hotuba fupi ya dakika ishirini kuhusu afya ya mtumishi wa umma. Kisha akavaa jaketi la kuokolea, ambalo mikanda yake ilikutana kwa kulazimishwa, akaketi. Kayaki ikashuka. Yale matundu yaliyowekwa ili maji yatoke yakaanza kuyaingiza, na maji yakamlowesha makalio kwa utulivu kabisa. Gramu akatabasamu kama mtu aliyeyatarajia. Akapiga kafi mara nne. Wafanyakazi wakashangilia. Mara fimbo moja ikateleza upande wa kulia, naye akanyoosha mkono kuidaka.

Kayaki haikusita hata kidogo. Ilimwaga kila kitu kwa mpigo mmoja, chai, barafu, chambo na Mkaguzi Mkuu.

"Nakufa!" Gramu akapiga kelele, kofia yake ikielea kando. "Nakufa jamani! Okoeni!" Alipigapiga maji kwa mikono na miguu, akameza funda, akatema, akameza jingine.

Shemeji akaweka mikono mdomoni akaita kutoka ukingoni, "Shemeji! Simama!"

"Siwezi! Sijui kuogelea!"

"Sisemi kuogelea! Simama tu!"

Akasimama. Maji yalimfika kiunoni.

Karani mmoja aliufunika mdomo kwa karatasi ya mahudhurio, mabega yakimtikisika. Watu walitazamana, kila mmoja akisubiri kuona kama kucheka kunaruhusiwa. Ndipo naibu wake, aliyekuwa akingojea kupandishwa cheo mwaka wa sita sasa, akaanza kupiga makofi.

"Hongera mkuu!" akapaza sauti. "Zoezi la uokoaji limefana!"

Wengine wakadakia, makofi yakarindima. Gramu, jani bichi la majini likimning'inia sikioni, aliinua mkono kuwapokea.

"Usalama kwanza," akasema.

Jumatatu naibu akahamishiwa ofisi yenye dirisha.

Mkewe hakupiga makofi. Alikuwa ameingia majini na gauni lake akiokota vitu vinavyoelea.

Gramu alirudi bwawani mara tatu zaidi, peke yake, siku za kazi. Mara zote tatu alipinduka. Alipoteza fimbo moja, saa, na simu. Mara ya mwisho mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda na nguo zilizolowa, akijikanda bega.

"Kayaki ile ina hitilafu," akasema bila kumtazama. "Nitawaandikia waliotengeneza."

Mkewe akaketi kando yake. "Yule mama amekubali kuichukua, atupe ya kijani."

"Umekwenda kwake?"

"Mara mbili. Nimeikalia ndani ya maji saa nzima. Nimesimama juu yake, nimeinama nikanawa mikono, nimepunga kafi kama mwehu makusudi. Haikunimwaga. Ila ana sharti moja."

"Sharti gani?"

"Uikague mizani yake. Halafu uipande."

Gramu alikaa pale mpaka maji yakapenya shuka na godoro nalo likaanza kulowa. Ndipo akasema kwa sauti ambayo mkewe alikuwa hajaisikia siku nyingi, "Mbele ya watu?"

"Mbele yake na yangu."

Alikwenda siku ya pili na mawe ya serikali ya kupimia, kumi, kila moja kilo ishirini, gari la idara likiyashusha mlangoni. Akayapanga juu ya mizani katikati, akayapanga pembeni, akayashusha, akayapandisha tena, jasho likimtoka. Mkewe na mama muuzaji walikaa kwenye benchi wakimtazama. Ilionekana wazi kwamba anatafuta kosa. Gramu alikuwa na mambo yake mengi, ila kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuandika namba ya uongo kuhusu mizani ya mtu. Mizani ilipishana na mawe kwa gramu ishirini, na sheria iliruhusu zaidi ya hapo kwa mizani kubwa kama ile. Akasaini. Akabandika stika mpya. Kisha akaanza kulibandua lile zuio kwa ukucha, na kwa kuwa gundi ya serikali ni nzuri, ilimchukua muda mrefu, akikwangua kipande kwa kipande.

"Samahani kwa usumbufu, mama," akasema, macho yakiwa kwenye gundi.

Akavua viatu. Akavua mkanda. Akatoa funguo, pochi, na kalamu mbili mfukoni. Akapanda.

Kilo mia moja na kumi na moja, nukta nne.

Hakuna aliyecheka. Mama muuzaji aliiandika namba ile kwenye daftari kama angeandika ya mtu yeyote. "Ya kijani inabeba mia na themanini," akasema. "Theluthi mbili yake ni mia na ishirini. Inakutosha wewe, fimbo moja na chakula chako cha mchana. Sanduku la barafu libaki nyumbani."

Njiani Gramu alitembea akijishika kiuno cha suruali. "Ulikuwa unajua?" hatimaye akauliza.

"Nimezipanua suruali zako mara tatu."

"Mara tatu!"

"Ya nne iko mezani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungenibandikia karatasi."

Kayaki ya kijani haikumpindua. Aliweza kugeuka, kufunga ndoana, kuning'iniza miguu pande zote mbili kama mtu aliyepanda punda, nayo ikatulia tu. Wiki ya tatu akapata samaki, mdogo, ambaye hakumpiga picha. Msidhani alibadilika sana. Mwezi haujaisha akawa amewaandikia wafanyakazi mwongozo wa kurasa nne juu ya kuchagua kayaki, ambamo upana ulisifiwa kwa wino mweusi uliokolezwa, na mwandishi akaeleza kwamba alifikia uamuzi huo baada ya majaribio ya makusudi. Naibu aliusoma kwa sauti kikaoni.

Jambo ambalo hakulitarajia ni mkewe. Aliomba apande kidogo tu Jumapili moja, akarudi baada ya saa mbili na samaki watano. Jumapili iliyofuata hakuomba. Alikuwa wa kwanza kuamka, fimbo begani. Na kayaki ile ilikuwa na kiti kimoja.

Kwa hiyo sasa kila Jumapili Gramu hukaa kwenye jiwe ukingoni, kashika mkoba na kandambili za mkewe, anatazama saa yake mpya. Wapita njia humsalimia, naye huwaeleza kwamba anapumzika kidogo kabla ya zamu yake.

"Mama!" aliita juzi, amesimama kabisa, mkoba kwapani. "Ni saa nzima sasa!"

Kule katikati mkewe aliinua kafi juu kumpungia. Kisha akaigeuza kayaki taratibu, akaelekea upande wa matete, ambako mdogo wake alimwambia kuna samaki wakubwa.